Seva ya Pili

JUMANNE, ALASIRI. KAMBARAGE, SHINYANGA

Maduhu alizima feni ili asikike vizuri, na joto likawaangukia wote wanne palepale.

Kilikuwa chumba cha nyuma cha duka la kutengeneza simu. Dirisha moja, limezibwa kwa boksi la televisheni. Mezani palikuwa na mchoro wa jengo alioutengeneza Shamimu kwa mkono wake: geti, mlango wa mbele, korido, mlango wa chuma, chumba cha dhahabu. Juu ghorofani, ofisi ya Bartholomeo. Ubavuni mwa ofisi, kachumba kadogo kalikozungushiwa wino mwekundu.

"Roho ya nyumba iko hapa," Maduhu alisema, akakagonga kale kachumba kwa kidole. "Waeleze."

Shamimu alieleza. Bartholomeo alikuwa mnunuzi mkubwa wa dhahabu Geita mjini. Seva yake ya zamani ilikuwa inakata roho, na Shamimu, fundi wa mitandao, ndiye aliyepewa kazi ya kumwekea mpya: achague mashine, achague mfumo endeshi, achague na programu za kukaa juu yake. Hesabu, barua pepe, kamera, milango. Jengo lile halikutumia funguo. Mlango ulifunguka kwa kadi, na kadi ilisomwa na seva. Aliyeishika seva ameishika milango.

"Programu ya mhasibu wake inataka Windows. Hilo halina mjadala," alisema. "Kamera na milango zinakubali Windows, zinakubali na Linux. Fundi makini angezitenga. Hesabu kwenye mashine yake, milango kwenye yake. Hata hesabu zikiingiliwa, milango haiguswi."

"Na sisi tunataka nini?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mageni, mtu wa shingo nene, aliyekuwa anapangusa bastola kwa kitambaa kama mtu anayesafisha miwani.

"Tunataka vyote vikae pamoja. Windows moja, mashine moja, nywila moja. Ukiingia kwenye hesabu umeingia kwenye milango."

"Atakubali?"

"Amekubali. Nimemwambia hivyo ni rahisi kusimamia. Hata leseni hataki kusikia. Windows halali ingekuwa inajiziba matundu yake kila mara. Yeye kaniletea flashi yenye nakala ya wizi, kaipata kwa mpwa wake."

Wiliam alicheka peke yake. Yeye ndiye dereva. Yeye pia ndiye angekaa garini na laptop iliyounganishwa na seva ile, abonyeze, milango ifunguke. Alikulia Ngokolo, hukohuko Shinyanga, ukuta kwa ukuta na kina Shamimu. Alikula kwao, akachapwa kwao. Yeye na Nuruddin, kaka yake Shamimu, walikuwa chanda na pete.

Nuruddin aliuawa mwaka uliopita, nje ya geti la Bartholomeo, kwenye mchongo wa kwanza wa kumwibia, ule ulioharibika. Siku hiyo Wiliam alikuwa kitandani na malaria. Maduhu ndiye aliyeleta habari Ngokolo. Alivua kofia, akampa mama yao shikamoo, kisha akalia mbele za watu. "Walinzi wa Bartholomeo, Mama Nuru. Walimpiga risasi ameinua mikono." Akabeba jeneza. Akashika sepetu makaburini. Tangu siku hiyo Shamimu alikuwa na jina moja tu la kulala nalo na kuamka nalo: Bartholomeo.

"Ijumaa, wakati wa swala," Maduhu alisema. "Mji unapoa. Walinzi wengi wanakwenda msikitini. Shamimu yuko juu na mitambo yake. Mimi na Mageni tunaingia. Wiliam anabaki kwenye gari. Kuna mwenye neno?"

"Nataka nimwone analia," Shamimu alisema. "Mali chukueni nyie."

Maduhu akamwekea mkono begani. "Utamwona, mdogo wangu."

JUMATANO, ASUBUHI. GEITA

Seva mpya ilikuwa imewaka. Shamimu aliketi sakafuni kwenye kale kachumba, akihamisha mafaili kutoka diski ya zamani. Kazi ya kuchosha. Folda baada ya folda, picha za kamera za geti, magari yakiingia, magari yakitoka.

Kisha akaiona folda iliyofichwa. Jina lake lilikuwa tarehe. Tarehe ya kifo cha Nuruddin.

Bartholomeo alikuwa amewaambia polisi kwamba siku ile kamera zilikuwa mbovu. Mpelelezi, Inspekta Philomena, aliwaeleza hivyo nyumbani Ngokolo kwa masikitiko, akaacha namba yake ya simu.

Akaifungua.

Hapakuwa na sauti. Nuruddin alitokea getini akichechemea, mguu mmoja umelowa damu. Nyuma yake hapakuwa na mlinzi hata mmoja. Mbele, pikapu ilikuwa inamsubiri, na Maduhu kakaa nyuma. Nuruddin akanyoosha mkono apandishwe. Maduhu akautazama ule mguu. Akatazama barabara. Kisha akainama kidogo, kama mtu anayetaka kumnong'oneza mwenzake, akampiga risasi ya kifua.

Pikapu ikaondoka. Nuruddin akabaki amekaa, amejishika, mpaka akalala.

Shamimu aliitazama tena, na mara hii akaona kilichokuwa nyuma: vijana wa Bartholomeo wakipitisha mifuko ya dhahabu kwenye mlango wa uani, dhahabu ambayo haikupita soko la madini wala kwa ofisa yeyote. Ndiyo maana picha ikafichwa. Mwizi alimuua Nuruddin, na tajiri akakalia kifo chake ili mifuko isionekane.

Aliinakili kwenye simu yake. Alipoinua kichwa, Bartholomeo alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, tumbo mbele, uso wa upole.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma. "Kazi inakwenda?"

"Inakwenda, bosi."

"Wabeja, asante. Usisahau chai."

Namba ya Inspekta Philomena ilikuwa kwenye simu yake. Aliitafuta, akaitazama, akaiacha. Polisi wangemkamata Maduhu akinywa supu, akiwa hajui aliyemfikisha hapo. Wangemsomea mashtaka kwa lugha ya kiofisi. Hapana. Alitaka Maduhu asimame mbele ya mlango usiofunguka na ajue ni nani ameufunga. Alitaka aipate hofu aliyoipata Nuruddin alipoona mkono wake haukupokewa.

Mchana ule alichomoa kwenye begi kompyuta ndogo aliyozoea kufanyia majaribio. Akaiwekea Linux, akafanya kile ambacho fundi makini angefanya tangu mwanzo. Akaondoa milango na kamera kwenye Windows, akazihamishia huko. Akaisukuma mashine nyuma ya kabati, kwenye vumbi na nyaya. Kwenye Windows aliiacha programu ya milango kama ilivyokuwa, na vitufe vyake vyote. Ukibonyeza, kitufe kinageuka kijani, kinaandika WAZI. Lakini nyuma yake hapakuwa na mlango wowote.

ALHAMISI, JIONI. KAMBARAGE

Wiliam alibonyeza. Kijani. WAZI. Akabonyeza tena. Kijani.

Maduhu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakujua kompyuta, na kijani kilimtosha.

Nje, karibu na mtaro, Shamimu alimshika Wiliam kwenye kiwiko.

"Kesho usishuke kwenye gari. Hata akikuita."

"Kwa nini?"

"Nimesema usishuke."

Wiliam akamtazama akitabasamu, tabasamu la utotoni, lile la kuiba ubuyu dukani. "Unaniogopea, dada? Kesho tunamlipia Nuru. Mimi nitakuwa wapi kama si pale?"

Neno lilimfika Shamimu kwenye meno. Akalimeza. Wiliam alikuwa mtu wa hasira; angejua, angemvamia Maduhu usiku huohuo na kisu, na kila kitu kingeharibika. Ndivyo alivyojiambia.

"Kaa kwenye gari," alisema.

IJUMAA, ADHANA YA PILI. GEITA

Barabara ilikuwa imepwaya. Vumbi la kalasha, zile mashine za kusaga mawe, lilining'inia juu ya mabati. Walinzi waliobaki getini walikuwa wawili, mmoja amesinzia.

Shamimu alikuwa juu, mbele ya kioo cha ile mashine ndogo. Kwenye kamera ya geti aliona gari likisimama. Mageni akashuka. Maduhu akashuka, na kofia yake. Walinzi wakalazwa kifudifudi bila risasi kulia.

Kisha Maduhu akarudi, akagonga dirisha la dereva.

"Usishuke," Shamimu alinong'ona.

Maduhu alikuwa anaonyesha laptop, anaonyesha jengo. Haikuhitaji sauti kuelewa. Mtambo ukigoma nakutaka karibu. Wiliam akasita. Akatazama juu, kwenye dirisha la ghorofani. Kisha akashuka na laptop kwapani, na Mageni akakaa kwenye usukani.

Shamimu alikuwa bado anaweza. Angeuacha mlango wa mbele ufungwe, wasiingie kabisa, waondoke zao. Kidole chake kilisimama juu ya kitufe. Maduhu alikuwa anakaribia, anatembea kama mwenye nyumba.

Akaufungua.

Wakaingia koridoni, wawili. Mlango ukajifunga nyuma yao, chuma kwa chuma. Shamimu akafunga na ofisi ya Bartholomeo, mwenyewe akiwa ndani. Kisha akamtumia Inspekta Philomena ile picha yote, na maneno machache: *Muuaji wa kaka yangu yuko hapa kwa Bartholomeo. Njoo.*

Tofauti na ya geti, kamera mpya ya korido ilikuwa na sauti.

"Fungua," Maduhu alisema.

Wiliam akabonyeza. "Imefunguka."

"Mbona mlango umesimama?"

"Bosi, inaandika wazi." Akabonyeza tena. "Iko kijani, ona."

"Naona mlango, sioni kijani." Maduhu akageukia mlango wa mbele, akausukuma kwa bega. Haukutikisika. Akatoa simu, akapiga. "Shamimu. Mtambo wako umegoma."

Shamimu hakupokea. Alibonyeza kipaza sauti cha korido.

"Haujagoma, Maduhu. Unafanya kazi nilivyotaka."

Maduhu akaishusha simu.

"Milango haiko huko mnakobonyeza. Niliihamisha baada ya kumwona Nuruddin. Bartholomeo alikuwa na picha. Alikunyooshea mkono, Maduhu. Alikunyooshea mkono, ukamuua."

Aliungoja uso wake ubadilike. Usiku na mchana aliuota uso huo. Na kweli ulibadilika, lakini si kwa namna aliyoitaka. Maduhu hakuogopa. Alichoka, kama mtu aliyekumbushwa kazi ya zamani.

"Alikuwa amejeruhiwa," alisema. "Angekamatwa, angetaja. Wewe ungefanyaje?"

Alifanya haraka. Akamkamata Wiliam kwa ukosi, akambandika bastola shingoni. "Fungua mlango wa mbele. Au nikuongezee maiti wa pili wa Ngokolo."

Nje, gari likaunguruma. Mageni alikuwa amengoja vya kutosha. Kwenye kamera ya geti Shamimu aliliona likigeuka na kutokomea kuelekea Katoro.

Wiliam hakuwa anaitazama bastola. Alikuwa ameinua uso kwenye kamera.

"Dada. Ni kweli? Yeye ndiye?"

Angeweza kudanganya. Angeweza kunyamaza, akafungua.

"Ni kweli, Wili. Nimeona kwa macho yangu."

Wiliam akajizungusha kama ng'ombe dume aliyekatwa kamba. Laptop ikapasuka kwenye paji la uso la Maduhu. Risasi moja. Ya pili. Wiliam akashuka taratibu ukutani, viganja vikiwa tumboni.

Shamimu hakukumbuka tena kisasi. Alifungua kila kitu, milango yote, akashuka ngazi akiruka. Maduhu alimpita pale koridoni akiwa na damu machoni, akakimbilia nje, nje ambako gari halikuwepo. Mlinzi aliyekuwa amelazwa getini alikuwa ameshainuka na gobore lake. Lililia mara moja tu. Shamimu hakugeuka kutazama.

Alipiga magoti. Alivua mtandio, akaukandamiza tumboni mwa Wiliam, nao ukalowa mara moja.

"Wanakuja," alisema. "Polisi wanakuja, watakupeleka hospitali. Nitazame mimi."

Midomo yake ilikuwa imekauka. "Jana," Wiliam alisema. "Ulijua jana."

"Wili, nyamaza, usichoke."

"Ungeniambia."

Hakusema lingine. Juu, Bartholomeo alikuwa ametoka ofisini, ameshika nguzo za ngazi, analia kwa sauti, akiuliza kama dhahabu iko salama. Shamimu alimsikia analia. Hakuhisi chochote.

Inspekta Philomena alifika na askari. Maduhu alikuwa hai, amelala kwenye changarawe na paja lililovunjika, anaomba maji. Walimpakia. Walimtia pingu Bartholomeo mbele ya wafanyakazi wake, na askari mwingine akaenda kupiga lakiri mlango wa uani. Wiliam walimfunika kwa turubai.

Philomena alichuchumaa mbele ya Shamimu. Alikuwa mtu mzima, macho yake yamechoka, simu mkononi na ile picha imesimamishwa pale pale Nuruddin aliponyoosha mkono.

"Pole, mwanangu," alisema. "Nani alikuwa anaendesha hii milango?"

"Mimi."

"Na nani aliwapangia waingie?"

"Mimi."

Philomena akaitazama simu, akalitazama turubai.

"Hii picha umenitumia leo. Uliipata lini?"

Shamimu alitaka kueleza. Uso wa Maduhu, mkono wa kaka yake, mama yake, usingizi uliompotea. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa neno moja.

"Jumatano."

Philomena alimwinua kwa upole, akamsaidia kukunja mikono ya baibui iliyolowa damu, ndipo akamfunga pingu.