Mchicha wa Nyumba ya Nailoni

Uvumi niliusikia kwa jirani yangu, fundi cherehani. Alisema mboga za nyumba za nailoni hunywa metali, na mtoto akizila akili inadumaa. Nilicheka naye, nikaaga. Lakini maneno yale yalinifuata mpaka usingizini. Niliota majani ya mchicha yanagongana na kulia kama vijiko.

Kitalu nyumba chetu, yaani nyumba yetu ya nailoni, kilikuwa nyuma ya jiko. Asubuhi mwanga wake ulikuwa mweupe kama maziwa. Matone yalidondoka polepole kutoka kwenye nailoni, na ukikaa humo unasahau kama nje kuna dunia. Kitindamimba wangu, wa miaka miwili, alipenda kuchuma majani machanga na kuyatafuna. Nami nilijisifu kwamba mwanangu anapenda mboga.

Mume wangu ni fundi wa betri za magari. Alipohamisha karakana yake kutoka nyumbani kwenda barabarani, uwanja wa zamani ulibaki tambarare, una uzio tayari. Hapo ndipo tulipojenga kitalu. Nilipomweleza uvumi, alisema fundi cherehani ashone nguo, aache kushona maneno. Ila nilianza kuosha mchicha mara tatu, kwa chumvi.

Moyo haukutulia. Nikamwita bibi shamba. Aliingia kitaluni, akafikicha udongo, akauliza pale palikuwa na nini zamani. Mume wangu akamweleza habari za karakana kwa majivuno.

"Shemeji, na maji ya betri mlikuwa mnamwaga wapi?"

Mume wangu aliangalia miguu yake. "Hapahapa."

Nikasema mimi huosha mboga mara tatu.

"Dada, unaosha nje," bibi shamba alisema. "Risasi, ile metali ya betri, ikishapanda na mizizi iko ndani ya jani."

Akatueleza taratibu. Risasi na metali nyingine nzito zinaweza kulala udongoni miaka mingi. Udongo wenye mboji nyingi na usio mchachu huzishikilia. Udongo ukichacha, zinalegea, zinaingia kwenye maji, na mizizi inakunywa. Sisi tuliuchachusha wenyewe. Maji ya betri ni asidi. Halafu kila msimu tulimwaga mbolea ya chumvichumvi kwa mkono mzito, na chini ya nailoni mvua haiingii kuyaosha mabaki yake. Tena mboga za majani hubeba metali nyingi kuliko nyanya.

Alichota udongo sehemu kumi, kina cha shubiri moja. Mume wangu akaleta ndoo ya bati, ikakataliwa kwa kuwa nayo ni metali. Ilitakiwa safi, ya plastiki. Mimi nikaambiwa nimpeleke mtoto akapimwe damu.

Majibu ya maabara yalikuja. Udongo ulikuwa mchachu, na risasi imepita kiwango mara nyingi. Damu ya mwanangu nayo ilikuwa na risasi. Nilikaa kwenye benchi la hospitali, sauti za watu ziko mbali kama zinatoka chini ya maji. Daktari alisema la kwanza ni kuondoa chanzo.

Mume wangu aling'oa mchicha wote peke yake. Hata kuku hakuwapa. Aliniambia, "Mke wangu, nilidhani namlisha mwanetu."

Tuliuliza kama chokaa ingetosha. Bibi shamba alisema chokaa husaidia pale metali ni kidogo, na pale kwetu imezidi. Uwanja ule tukaufunika kwa zege. Kitalu tukakihamishia upande wa juu wa kiwanja, baada ya kupima udongo wake. Haukuwa na risasi ya kuzidi, ila ulikuwa mchachu kidogo, tukatia chokaa ya kilimo kwa kipimo cha maabara, na mboji iliyoiva.

Miezi minane imepita. Risasi katika damu ya mwanangu inashuka kila akipimwa. Anasema maneno mapya kila siku, na ubishi pia ameujua.

Mwenzangu mwenye bustani, epuka haya:

Kulima palipokuwa karakana, jalala au pa kuchomea taka, kabla ya kupima udongo.

Kumwaga mbolea au chokaa kwa kukisia.

Kupanda mboga za majani kwenye udongo uliochacha.

Kuamini kwamba kuosha kunaondoa kila kitu.

Kumwacha mtoto achezee udongo usioujua.

Kungoja mtoto augue ndipo umpeleke kupimwa. Wangu hakuonyesha dalili yoyote.