Kobe Mdogo wa Udongo

Tusekile ana miaka sita. Anaishi Mbeya, mji wenye baridi na milima.

Jumatatu asubuhi alikuwa anaenda shule na mama yake. Mara akasimama. Juu ya ukuta wa soko alimwona Sungura wa udongo, masikio juu, macho ya ujanja.

Lo! Mdogo kama kidole.
Nani amemweka hapa?

"Mama, tazama!"

"Twende, mwanangu. Tutachelewa."

Jumanne, chini ya dirisha la duka la vitambaa, palikuwa na Fisi. Mdomo wazi, kama amenusa nyama.

Lo! Mdogo kama kidole.
Nani amemweka hapa?

Jumatano, kwenye ngazi za maktaba, alikaa Zimwi mwenye jicho moja. Tusekile alirudi nyuma. Kisha akasogea taratibu, akanong'ona, "Hujambo, Zimwi?"

Zimwi akamtazama tu kwa jicho lile moja.

Alhamisi alimwona Kobe, ukingoni mwa mtaro. Na mvua ikaanza. Shaa! Shaa! Maji yakapanda. Kobe akayumba.

"Mama, Kobe atasombwa!"

Tusekile akapiga magoti. Akanyoosha mkono. Akamkamata!

Lakini mkono ulilowa. Kobe akateleza. Pa! Kichwa kikakatika.

Tusekile akalia. Mama akachuchumaa hapo hapo kwenye mvua. Akamtazama Kobe kwa mara ya kwanza.

"Jamani," akasema polepole. "Kazuri hivi!"

Mara akaja mama mmoja mwenye ufagio mrefu. Ni Mama Sekela, anayefagia mtaa ule.

"Shikamoo," Tusekile akasema, machozi yakimtoka. "Nimemvunja Kobe."

"Marahaba, mwanangu. Usilie. Nitafinyanga mwingine."

Tusekile akakodoa macho. "Kumbe ni wewe unayewaweka?"

"Ni mimi. Bibi yangu alinisimulia hadithi za Sungura, Fisi, Zimwi na Kobe. Hapa mjini watu wanapita mbio. Nikasema, labda mtu mmoja atasimama."

Akacheka. "Umesimama wewe!"

Jumamosi, Tusekile na mama yake walikwenda nyumbani kwa Mama Sekela. Mama Sekela akachukua donge la udongo.

Finya, finya, bonya.

Likatokea gamba. Ikatokea miguu minne. Kikachomoza kichwa! Tusekile akasogea karibu zaidi.

"Ametoka wapi?"

"Mikononi. Haya, jaribu na wewe."

Finya, finya, bonya. Tusekile akafinyanga Tembo, mkonga mnene, masikio hayalingani. Wakamkausha juani siku nyingi. Kisha wakamchoma kwa kuni mpaka akawa mwekundu.

Asubuhi moja wakamweka kwenye ukuta wa stendi. Wakajificha nyuma ya nguzo.

Mzee mwenye mkoba alikuja mbio. Akapita. Akarudi. Akavua kofia.

"Lo! Mdogo kama kidole. Nani amemweka hapa?"

Tusekile akaubana mkono wa mama.

Usiku, mama akamfunika blanketi. "Na huyo Tembo wako, hadithi yake inaanzaje?"

Tusekile akapiga miayo.

"Alishuka kutoka mlimani, mama. Alikuwa anatafuta... anatafuta..."

Akalala.