Mwangwi Huchelewa

Breki alipewa jina hilo kwa sababu hakuwa na mazoea ya kuzitumia. Lakini asubuhi ile, alipokata kona ya mlimani na kukuta barabara imemezwa na tope, alizikanyaga kwa miguu yote miwili, na hazikumsaidia. Pikapu iliteleza ubavu, ikavunja vichaka, ikagonga mti, ikageuka, ikashuka msituni kwa kishindo mpaka ilipojibana katikati ya miti miwili mikubwa, pua ikiangalia bonde.

Kisha kimya. Injini tu ndiyo iliyosikika, tik, tik, ikipoa.

"Tuko hai?" iliuliza sauti kutoka kiti cha nyuma.

"Wewe unayeuliza uko hai," alijibu mama aliyekaa mbele. "Breki?"

Breki aliguna tu.

Mama wa mbele alikuwa fundi cherehani siku za kazi, na Jumapili alikuwa mwalimu wa kwaya, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Aliyekaa nyuma, amebanwa na magunia ya sare mpya za kwaya, alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake mdogo. Huyu alifua mashuka hospitalini. Kwaya ilimpa jina la Kimbelembele, na sababu ilijulikana na kila mtu. Kulikuwa na wimbo mmoja ambao Mwalimu aliupenda kuliko zote. Yeye huanza peke yake, "Nilipokuita kutoka shimoni," kisha watu wote hunyamaza kwa pumzi moja, ndipo wanaitika, "Bwana, uliitika." Pumzi hiyo moja Kimbelembele hakuiweza. Aliingia kabla Mwalimu hajamaliza neno lake, kila Jumapili, kama mtu anayefungua mlango kabla mgeni hajabisha hodi.

Waumini wa upande wa pili wa mlima walikuwa wamewaalika kuimba. Kwaya ilishatangulia kwa basi. Hawa wawili walibaki kumalizia mapindo ya sare, na asubuhi, wakati wa kupakia, Mwalimu alikuwa amesema neno.

"Wifi, kule ugenini utafungua mdomo tu. Usitoe sauti."

Kimbelembele alipakia gunia la mwisho. Alipanda nyuma, akakaa na magunia. Tangu hapo hakuwa amesema kitu mpaka alipouliza kama wako hai.

Mguu wa Breki ulikuwa umenaswa chini ya usukani. Kimbelembele alizunguka, akaukunja mlango uliopinda kwa mikono yake ya kukamulia mashuka, wakamtoa. Mfupa ulikuwa umevunjika chini ya goti, na pajani palikuwa na jeraha refu lililotoa damu nyingi.

"Kandamiza hapo kwa nguvu," alisema Mwalimu, akitafuta mkasi kwenye mkoba. Alifungua gunia, akatoa sare moja. Ilikuwa ya manjano, na pindo lake alilishona kwa mkono mpaka macho yakamwuma. Mkasi ulisita.

"Wifi, kata," alisema mwenzake.

Alikata. Walifunga jeraha kwa vipande vipana, wakaunyoosha mguu, wakauweka katikati ya vijiti viwili vilivyonyooka na kuufunga. Breki aliuma mkanda wa suruali yake na hakupiga kelele. Walipomaliza alisema, "Sijawahi kuvaa nguo mpya hivi tangu harusi yangu." Wakacheka, na baada ya kucheka Kimbelembele akalia kidogo, akajifuta.

Mwalimu alipojaribu kupanda kuelekea barabarani, tope lilimrudisha na kumvunjia tumaini pamoja na kifundo cha mguu. Kilivimba papo hapo, asiweze kukikanyagia. Simu moja ilikuwa imepasuka, nyingine ilitafuta mtandao mpaka ikazima. Maji yalikuwa nusu chupa. Mto waliusikia ukinguruma chini sana, lakini kati yao na mto palikuwa na mteremko ambao hata mbuzi angeufikiria mara mbili.

Jua lilipoinama, ukungu ulianza kupanda kutoka bondeni. Kimbelembele aliutazama, akatoa sare zote na kuzitandaza juu ya vichaka.

"Unaanika nini, na jua limeshaondoka?" aliuliza Mwalimu.

"Sianiki, wifi. Nalowesha."

Usiku waliupita kama watu wanavyopita daraja bovu, bila kuongea wala kutazama chini. Kulipopambazuka, sare zilikuwa zimelowa chapa. Kimbelembele alizikamua moja moja juu ya kifuniko cha tairi alichokifuta vizuri, na maji yakachuruzika, machache lakini safi. Breki alikataa kuwa wa kwanza.

"Wanywe akina mama."

"Kunywa wewe, mgonjwa haleti adabu hapa," alisema Mwalimu.

Alikunywa. "Yana ladha ya kitambaa kipya."

"Basi usimwage. Kitambaa hicho si cha bei ya kutupa."

Lakini mkono Mwalimu aliomshikia kichwa ulirudi ukiwa wa moto. Homa ilikuwa imepanda, na rangi ya uso wake haikuwa nzuri. Wale wawili walitazamana juu ya kichwa chake.

"Nazunguka lile poromoko la tope nitafute barabara," alisema Kimbelembele.

"Tusubiri. Watatutafuta."

"Watu wa kule wanadhani hatujaondoka. Watu wa nyumbani wanadhani tumefika. Nani atatutafuta?"

"Umeanza tena kutangulia," alisema Mwalimu. Neno lilipotoka alilijutia, lakini hakujua namna ya kulirudisha. Alichukua sare moja yenye unyevu, akaikung'uta, akamvika wifi yake mwenyewe, akamfunga vifungo mpaka shingoni kama anavyofungwa mtoto wa shule.

"Rangi itaonekana," alisema. Kisha akamshika mikono na kuomba. "Baba, hatuna mwingine. Mshike huyu anakokwenda. Mshike na huyu tunayebaki naye. Amina."

Kimbelembele aliondoka akifunga vitambaa vya manjano vilivyobaki kwa ile sare iliyokatwa kwenye matawi, ili aijue njia ya kurudi. Alishika mizizi, akapanda, akateleza, akapanda tena. Poromoko lilikuwa pana kuliko alivyodhani. Kila alipodhani amelimaliza, lilimsukuma pembeni zaidi. Kisha ukungu uliokuwa umelala bondeni ulisimama, ukaja. Kwanza vilele vya miti vilipotea, halafu mashina, halafu kitambaa chake cha mwisho. Mwishowe aliona mikono yake tu.

"Wifi!" aliita.

"Wifi! ... Ifi ..." ikamjibu.

Moyo wake uliruka kwa furaha. Akaifuata sauti kwa kuteremka. Akaita tena, ikamjibu karibu zaidi, akaongeza mwendo, na ardhi ikaisha. Alianguka, akadaka mzizi, miguu ikapata mwamba mwembamba wa kukanyaga. Chini yake palikuwa peupe tupu, na mto ukinguruma ndani ya ule weupe. Mbele yake, ng'ambo, kulikuwa na ukuta wa jabali uliokuwa ukimrudishia sauti yake mwenyewe.

Alijibana kwenye mwamba. Hakuweza kupanda, na kushuka kulikuwa ni kufa.

"Mungu wangu," alisema polepole, "ni mimi, nimetangulia tena. Breki ana homa. Wifi hawezi kutembea. Mimi sina pa kushika ila wewe na mzizi huu, na mzizi siuamini sana."

Hakusikia jibu lolote. Lakini vidole vyake vilipata ufa wa kushika kwenye jiwe, na huo aliupokea.

Kule garini Breki alikuwa akiweweseka. Ili kumtuliza, na kujituliza, Mwalimu alianza kuimba, kwa sauti yote aliyopewa. Aliimba ubeti baada ya ubeti, akisimama tu kukohoa na kumlowesha midomo. Hakujua kwamba juu barabarani mafundi wa barabara walikuwa wamezima tingatinga lao kwa sababu ya ukungu, na walikuwa wamekaa kimya wakisubiri.

Watu watatu walishuka kwa kamba. Wa kwanza alikuwa msimamizi wao, mzee mwenye viatu vya mpira na koti linalong'aa.

"Poleni sana, mama. Tulidhani ni malaika, ila malaika hawakohoi."

"Mmetoka wapi, baba?" Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta.

"Tulipangiwa kuja kesho kutwa. Sijui imekuwaje, mashine ikapatikana mapema, tukawahi."

Walimfunga Breki kwenye machela ya turubai wakampandisha taratibu, kijana wa mwisho akimkinga uso kwa kofia yake ili matawi yasimchape. Msimamizi alirudi na wenzake kumchukua Mwalimu.

"Siondoki," alisema Mwalimu. "Wifi yangu yuko msituni."

Msimamizi alivua kofia akakuna kichwa. "Mama, bonde hili ni baya kwa sauti. Mwaka jana nilimwita mwenzangu, nikajifuata mwenyewe nusu ya mlima."

Hata hivyo aliita. Wenzake waliita. Majibu yalitoka kushoto, mbele, juu, yakigongana, na hakuna aliyejua lipi la mtu na lipi la jiwe. Mmoja alishaanza kwenda kushoto. Ndipo Mwalimu aliponyanyua mkono, vilevile kama Jumapili, na wanaume wote wakanyamaza bila kujua kwa nini.

Aliimba, "Nilipokuita kutoka shimoni."

Kwenye mwamba wake Kimbelembele aliusikia mstari ule ukitoka kila upande. Alijiambia, leo nasubiri pumzi, leo sitamwaibisha. Lakini moyo ulimtangulia. Neno "shimoni" halijaisha, tayari alikuwa ameshaitika kwa nguvu zake zote.

"... uliitika," ilisikika kushoto. "... itika," mbele.

"Kushoto!" walisema wanaume.

"Hapana," alisema Mwalimu. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. "Kulia. Chini."

"Mama, sote tumesikia. Sauti imetoka kushoto."

"Hiyo imekuja baada yangu. Mwangwi huchelewa, baba. Wifi yangu hajawahi kuchelewa." Aligusa sikio lake. "Miaka yote hii sikio langu limekuwa likimkamata ndani ya neno langu la mwisho. Sikilizeni wakati naimba, si nikimaliza."

Akaimba tena. Safari hii msimamizi aliinama, akaweka kiganja nyuma ya sikio. Na chini ya sauti ya Mwalimu, imejificha kama uzi ndani ya pindo, aliisikia sauti nyingine, nyembamba na ya haraka, kutoka kulia, chini.

"Leteni kamba," alisema.

Walishuka wamefungana, kila mmoja akimshika mwenzake. Mwalimu hakuacha kuimba, na kila mstari uliitikiwa kabla haujaisha, kila mara karibu zaidi na masikio ya wale waliokuwa wakishuka. Mwishowe ukungu ulionyesha doa la manjano.

Walipomleta, viganja vimechubuka na sare imegeuka rangi ya mlima, Kimbelembele alimtazama Mwalimu kwa woga.

"Wifi, nimewahi tena?"

Mwalimu alimkumbatia, akamkumbatia tena. "Umewahi," alisema. "Nimekuwa nikimwomba Mungu akurekebishe. Ahsante kwake kwamba hakunisikiliza."

Kisha akakumbuka. "Na lile neno la asubuhi ya safari, nisamehe."

"Lipi, wifi? Mimi nimesahau." Hakuwa amesahau, lakini ndivyo alivyokuwa.

Jumapili walipoimba ugenini ilikuwa imechelewa kwa majuma kadhaa. Breki alikaa benchi la mbele na magongo yake, amenona kwa kulishwa na kila nyumba. Sare zilikuwa zimefuliwa na Kimbelembele mwenyewe. Moja ilipungua, na nyingine ilikuwa na madoa yaliyokataa kutoka. Ile yenye madoa Mwalimu aliichukua aivae yeye mwenyewe.

Alinyanyua mkono. "Nilipokuita kutoka shimoni." Kwaya nzima ilisubiri pumzi yake. Kimbelembele hakusubiri. Sauti yake iliingia peke yake ndani ya neno la mwisho, na Mwalimu akafumba macho kama mtu aliyesikia akiitwa nyumbani. Alimkumbuka yule mzee wa viatu vya mpira, aliyekuja siku mbili kabla ya siku yake, hata kabla hawajamaliza kuita.

Baada ya ibada mwalimu wa kwaya mwenyeji alimvuta pembeni, kwa upole.

"Wimbo mzuri sana, dada. Ila yupo mmoja wenu anawahi kuingia."

"Hapana, dada," alisema Mwalimu. "Ndivyo wimbo ulivyo."