Mti wa Tindo na Duara la Mawe

Jumapili cherehani ilipumzika. Siku nyingine zote ilinguruma tangu asubuhi katika chumba cha mbele, chini ya dirisha linalotazama barabara. Lakini Jumapili Bibi Sindano aliifunika kwa shuka kuukuu, akachukua ndoo yake ya bati, akamwita mjukuu wake.

"Maswali, vaa viatu. Mti unatusubiri."

Mtoto huyo alikuwa na jina zuri alilopewa na wazazi wake, ila hakuna aliyelitumia. Aliuliza tangu alipofumbua macho hadi alipoyafumba. Mama yake alikuwa mwoka mikate na aliamka mapema mno siku zote, kwa hiyo Jumapili alishukuru kubaki kitandani na kumwachia bibi maswali yote.

Bustani ya mji ilikuwa mwisho wa mtaa wao. Waliingia kwa lango la chuma, wakafuata njia ndefu iliyonyooka, yenye miti pande zote mbili.

"Bibi, kwa nini njia hii haina kona?"

"Nimeshakuambia."

"Niambie tena."

Bibi Sindano alijifanya amechoka, lakini hadithi hiyo aliipenda kuliko mtoto. Zamani, alisema, hapa hapakuwa na bustani. Palikuwa na machimbo ya mawe. Njia hii ilikuwa reli, na juu yake vigari vilibeba mawe kupeleka mjini. Reli haipendi kona, ndiyo maana njia imenyooka. Lile jukwaa la duara wanapopiga muziki siku za sikukuu, hapo palisimama mtambo wa kunyanyulia mawe. Na ziwa lile dogo lenye bata ndilo lilikuwa shimo lenyewe.

"Vumbi je?"

"Vumbi usiseme. Ukianika shati jeusi, unaanua jeupe. Mji mzima ulikuwa unakohoa."

Babu yake Maswali alichonga mawe hapo. Watu walimwita Tindo, kwa sababu hakuachana na tindo yake, kile chuma cha kuchongea mawe. Bibi Sindano alikuwa msichana wakati huo, akishona aproni za wafanyakazi. Kila wiki Tindo alileta aproni iliyochanika. Kila wiki ilishonwa. Mwishowe wenzake wakamcheka waziwazi: jiwe gani hilo linalochana aproni ya mtu mmoja tu? Bibi Sindano aliposimulia sehemu hiyo alicheka peke yake.

Mawe yalipokwisha, wenye machimbo walihama. Shimo likajaa maji na takataka, na mbu wakawa ndio wenyeji. Watu wa mtaa walilalamika hadi wakuu wa mji wakasikia. Ndipo wale wale waliochimba shimo wakaajiriwa kuligeuza bustani. Walisafisha maji. Wakaleta udongo. Tindo na wenzake wakachonga ngazi katika ukuta wa mwamba, kutoka juu barabarani hadi chini ziwani. Siku bustani ilipofunguliwa, kila fundi alipanda mti. Tindo alipanda mjakaranda chini ya ngazi zake.

Kwa miaka mingi walikuja kuutazama wakiwa wawili. Bibi Sindano alikuwa na neno lake: "Mume wangu, mti wako utakufa kwa kiu." Na Tindo, mtu wa maneno machache, alijibu vilevile siku zote: "Umeshakunywa." Bibi Sindano hakuwahi kumwona na hata kikombe cha maji mkononi. Aliamini mumewe ni mvivu anayejua kujitetea.

Kisha Tindo akafariki. Nyuma ya nyumba yalibaki mawe aliyoyachonga vizuri, bila kazi. Bibi Sindano aliona uchungu kuyatazama yakiota majani. Akayapeleka bustanini moja moja kwa toroli. Akayapanga duara kulizunguka shina la mjakaranda, ukuta wa kumfika magotini. Ndani akajaza udongo mweusi, akapanda maua. Wapita njia walimsifu, na kila Jumapili alimwagia shina maji ya ndoo. Alikuwa akimhudumia mumewe, na hakuona haya kusema hivyo.

Lakini Jumapili hii, walipofika chini ya ngazi, Maswali alisimama ghafla.

"Bibi, nani ameuchora mti?"

Juu ya shina palikuwa na alama ya rangi nyekundu, mistari miwili iliyopishana. Bibi Sindano aliijua alama hiyo. Mti mwingine karibu na lango ulichorwa hivyo, na baada ya siku chache kilibaki kisiki.

Aliinua macho. Alikuwa ameona majani yakipungua, ila moyo ulikuwa umekataa kuona zaidi. Sasa aliona. Matawi ya juu yalikuwa makavu kabisa. Majani yaliyobaki yalikuwa ya njano, na huu haukuwa wakati wake wa kupukutisha.

"Wameuacha mpaka umeugua, halafu wanataka kuukata," alisema. Akamimina ndoo nzima kwenye shina, akamtuma Maswali akachote nyingine.

"Shikamoo, bibi. Tafadhali, usiongeze maji hapo."

Aliyesema alikuwa mfanyakazi mpya wa bustani, mwanamke kijana aliyeshika reki. Watu walimwita Mabuti, kwa kuwa alivaa mabuti ya mpira jua na mvua.

"Marahaba. Na wewe ndiye uliyeupaka rangi?"

"Ni mimi, bibi. Nimetumwa. Tawi kavu likianguka linaweza kumuua mtu."

"Basi kama mnajua mti una shida, kwa nini hamuutunzi? Mimi nauletea udongo wa rutuba. Nauletea maji. Ninyi mnaleta rangi."

Mabuti hakukasirika. Aliegemeza reki, akachutama karibu na duara la mawe.

"Bibi, nani alijenga hivi?"

"Mimi. Kwa mikono hii."

"Umejenga vizuri kuliko sisi. Lakini, unisamehe, hiki ndicho kinachouua."

Bibi Sindano alikaa kwenye ngazi, mikono mapajani.

"Eleza," alisema. "Eleza polepole. Mimi ni fundi wa nguo, si wa miti."

Mabuti alionyesha mti jirani, wenye afya. "Tazama ule unavyoingia ardhini. Shina linatanuka chini, mizizi mikubwa inaonekana kidogo. Hapo mti unahitaji hewa. Magome yake yameumbwa kukaa juani na kwenye upepo. Sasa huu wako umefunikwa hadi magotini. Magome yamekaa kwenye udongo wenye maji kila siku. Yanaoza. Na chakula cha mti kinapita hapo kwenye magome kwenda kwenye mizizi. Yakioza kuzunguka shina lote, mizizi inakufa njaa."

"Kama kola inayobana shingo," Bibi Sindano alisema taratibu.

"Hasa, bibi. Kola nzuri, lakini inabana."

"Na maji? Maji nayo ni kosa?"

"Si kosa. Ila umeyamwaga mahali ambapo mti hauna mdomo." Mabuti alisimama, akatembea kutoka kwenye shina hadi chini ya ncha za matawi. "Mizizi midogo inayokunywa iko huku. Mti uliokomaa ukitaka kuumwagilia, mwagilia chini ya ncha za matawi, kuzunguka. Shinani hapana."

Maswali alikuwa amerudi na ndoo. Alimtazama bibi, akamtazama Mabuti. Aliitua ndoo chini bila kuimwaga.

"Bado unaweza kupona?" Bibi Sindano aliuliza.

"Sijui. Upande mmoja magome bado ni mazima, nimekwangua nikaona kijani. Tukiondoa duara hili leo, nitakata matawi makavu ili yasimwangukie mtu, na nitamwomba mkuu wangu auache hadi mvua zipite. Ukichipua, utabaki. Usipochipua, nitaukata mwenyewe na sitakudanganya."

Bibi Sindano alishuka, akaweka kiganja juu ya jiwe moja. Lilikuwa na alama ndogo ndogo za tindo, safu kwa safu. Aliijua mikono iliyozipiga. Kuyapanga mawe haya kulimfanya awe na pa kwenda Jumapili, na mtu wa kumtunza. Kuyabomoa kulikuwa sawa na kumzika mumewe mara ya pili, na machozi yalimtoka bila yeye kuyaficha.

"Bibi, tuyaache?" Maswali alinong'ona.

"Hapana. Babu yako alipanda mti. Mawe nimeyaleta mimi." Alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani. "Shika upande ule."

Waliondoa mawe hadi jua likawa la utosi. Maua waliyang'oa na udongo wake ili yapandwe mahali pengine. Mabuti alitoa udongo kwa kijembe kidogo, na karibu na shina alitumia vidole tu asije akaumiza magome. Upande mmoja yalikuwa laini na yalinuka vibaya. Upande mwingine yalikuwa magumu. Aliyagonga kwa kidole na kutabasamu.

Baadaye Maswali alikaa kwenye ngazi ya mwisho kupumzika, na maswali yakamrudia.

"Bibi, na jiwe hili? Hili pia ni la duara?"

Lilikuwa jiwe bapa, limesimamishwa kwenye kona ya ngazi.

"Hilo nililiweka mwenyewe," alisema Bibi Sindano. "Kona hii ilijaa majani, na mvua ikinyesha maji machafu yalifurika yakaja kuharibu maua yangu. Nikayazuia."

Mabuti aligeuka haraka. "Yalitoka wapi, bibi?"

"Hapo hapo, nyuma ya jiwe."

Mabuti aliliondoa jiwe. Akafukua majani makavu na matope nyuma yake. Pakatokea tundu lililochongwa kwenye mwamba, upana wa kiganja. Kando ya ngazi, kutoka juu kabisa, palipita mfereji mwembamba ambao kila mtu aliudhania pambo. Uliingia katika tundu hilo. Mabuti alipiga magoti, akaendelea kufukua kwa mikono, na Maswali akafukua mbele yake. Mfereji uliendelea ardhini, umetandikwa vipande vya mawe. Haukwenda kwenye shina. Ulipita mbali nalo na kuishia kwenye kokoto, chini ya ncha za matawi, ukigawanyika matawi matatu madogo.

"Tangu nianze kazi hapa umezibwa," alisema Mabuti. "Sikujua kama upo. Bibi, maji yote ya mvua yanayoshuka na ngazi hizi yalitengenezewa njia kuja hapa."

Bibi Sindano aliinama, akapapasa ukingo wa mfereji. Alama ndogo ndogo, safu kwa safu.

"Umeshakunywa," alisema.

"Nani, bibi?" aliuliza Maswali.

"Mti. Babu yako aliniambia kila Jumapili. Mimi nikadhani ananikwepa." Alicheka huku akilia. "Mtu huyu jamani. Si angesema tu kwamba amechonga mfereji?"

Siku zilizofuata Mabuti alikata matawi makavu. Alitandaza majani makavu chini ya mti kutunza unyevu, akiacha nafasi wazi kuzunguka shina. Mawe ya Tindo waliyapeleka kando ya njia, mbali na mizizi, wakayapanga kuwa viti. Na alama nyekundu ilibaki pale pale.

Mvua ya kwanza ilimkuta Bibi Sindano akipima kiuno cha mteja. Alisikia matone kwenye bati, akaacha utepe ukining'inia.

"Gauni lako kesho, dada. Nimeitwa."

Alichukua mwavuli na Maswali, wakaenda nusu wakikimbia. Maji yalikuwa yanashuka na ngazi. Yaliingia kwenye mfereji, yakapotea tunduni, na kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha upande wa pili yakatokea, ya rangi ya matope, yakagawanyika njia tatu, yakazama taratibu chini ya kokoto. Bibi Sindano alisimama akitazama hadi mvua ilipokatika. Viatu vilikuwa vimelowa, wala hakujali.

Mvua ziliendelea, kisha zikapita. Jumapili moja walimkuta Mabuti chini ya mjakaranda na kopo la sabuni na brashi. Alikuwa anasugua alama nyekundu. Alionyesha tu juu, kwa brashi.

Upande mmoja wa mti haukurudi, na ulikuwa umekatwa. Lakini upande mwingine matawi yalijaa majani machanga, na kwenye ncha ya tawi la chini, karibu na ngazi, palikuwa na kishada cha maua ya zambarau.

Watu walikuwa wameketi kwenye viti vya mawe. Mzee mmoja alisoma gazeti, na msichana mmoja alimnyonyesha mtoto wake. Bibi Sindano alikaa kati yao, akaweka mikono mapajani. Ilikuwa mitupu. Maswali aliiangalia.

"Bibi, umesahau ndoo. Leo hatuupi mti maji?"

Bibi Sindano alitazama ngazi, halafu mti.

"Umeshakunywa," alisema.