Chuma cha Maximilian

"Vuna kabla ya kengele."

Maneno manne, yaliyonaswa kwenye simu ya majangili. Jovina aliyasoma, akayafuta, akairudisha simu mfukoni, ubavuni mwa bastola yake ya Glock.

Maana yake ilikuwa moja: tabernakulo ya kanisa hili kongwe, kisanduku cha chuma cha kuhifadhia Ekaristi, ingevushwa mpaka wa Zambia leo hii, kabla ya misa ya jioni. Nani ndani ya parokia anawasaidia majangili wa kigeni? Makao makuu hayakujua.

Alikaa benchi la nyuma, kitambulisho cha mkaguzi wa mambo ya kale kikining'inia shingoni. Kuta zilikuwa na unene wa mkono mzima. Kila tofali lilitoka bondeni mkono kwa mkono, Wafipa wamepanga mstari, na aliyeliangusha alichapwa. Vitabu vya misheni vinasema mapadri walijenga.

Walijenga! Kama mwenye shamba anavyolima akiwa kivulini.

Katika jengo zima, jina moja tu la Mfipa lilisalia: Maximilian, mhunzi aliyefua tabernakulo kwa chuma cha tanuri za huku. Babu wa mama yake Jovina.

Nusu saa iliyopita, mgeni mmoja aliyejiita "mtaalamu wa ukarabati" aliondoka na Land Cruiser nyeupe iliyojaa mifuko ya chokaa. Tabernakulo ilikuwa bado mahali pake. Taa nyekundu, ishara kwamba Ekaristi imo, iliwaka.

Katekista Teodori, kaka wa mama yake, alitoka sakristia na mishumaa. Akakatiza mbele ya altare.

Hakupiga goti.

Miaka arobaini alilipiga hapo, hata baridi yabisi ilipomla.

Jovina akainuka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda! Dar hawapiki?"

"Leo humsalimu mwenye nyumba?"

Mishumaa ikamdondoka.

Jovina alipanda altareni, akaigonga tabernakulo kwa kucha. Mbao. Mbao iliyopakwa rangi ya chuma.

Akabonyeza redio ya sikioni. "Kizuizi cha Mpui, Land Cruiser nyeupe. Pasueni mifuko ya chokaa."

Dakika sita, kisha redio ikajibu.

"Tumewabana. Mmoja alichomoa bastola, sasa amelala chini. Mzigo mzima."

"Nilimtoa Bwana kwanza," Teodori alinong'ona. "Ekaristi niliihamishia kwa masista. Sikukufuru, Jovina."

"Na babu yako? Yeye ulimwacha humo."

Pingu zikalia.

"Tupite mlango wa sakristia, mwanangu. Wanakwaya wako nje."

"Mlango mkubwa, mjomba."

Wimbo ulikatika katikati ya ubeti. Jovina alivaa miwani ya jua, akapita kati yao bila kuharakisha. Hakuna aliyemsalimu.

Nusu yao walikuwa ndugu zake.