Kibao cha Mkaguzi wa Madaraja

Tulifika darajani jua likizama, mimi na mjomba wangu. Kazi yenyewe ilikuwa ya nusu saa tu: kufunga kibao cha chuma. Kesho yake asubuhi wakubwa wangekuja kukizindua, na daraja lingeitwa kwa jina la marehemu mkaguzi.

Mkaguzi huyo alitumikia umma miaka thelathini. Kila nguzo aliigonga kwa kinyundo chake, akitega sikio kusikia kama zege lina uwazi ndani. Watu walimwita Daktari wa Madaraja. Wiki moja kabla daraja hili halijafunguliwa, aliokotwa chini ya nguzo ya tatu, fuvu limepasuka. Ameteleza, tukaambiwa. Tukazika.

Mjomba ndiye aliyenifundisha kuchomelea vyuma baada ya baba kufariki. Ni mtu wa utani, mdomo haumtulii. Jioni hiyo alikuwa kimya kama maji mtungini.

Nilitoboa tundu la kwanza. Bolti ikaingia. La pili, ikaingia. La tatu...

Ko. Ko. Ko.

Nikazima drili.

"Mjomba, umesikia?"

"Funga kibao, mwanangu. Twende zetu."

Ko. Ko. Ko.

Mlio ulitoka chini ya miguu yetu, ndani ya zege lenyewe. Kisha ikaja harufu... saruji mbichi, na damu, kama buchani asubuhi.

Ndipo gari la mkuu wa idara ya barabara likasimama. Yeye ndiye aliyelia kuliko wote msibani, na yeye ndiye aliyependekeza daraja lipewe jina la marehemu. Akashuka peke yake, akakipapasa kibao.

"Kazi safi, mafundi. Sasa rafiki yangu atapumzika."

Mlio ukakoma.

Ukaanza tena. Safari hii juu, kwenye chuma cha ukingo, ukisogea hatua kwa hatua kuelekea aliposimama.

"Nani huyo?" akanong'ona.

Pigo la kwanza lilimvunja goti. Sikuona mkono, sikuona nyundo. Niliona tu mguu ukikunjika upande usiokunjika, na mfupa ukatoka nje ya suruali. La pili lilimsaga vidole vilivyong'ang'ania ukingo. La tatu lilimng'oa meno. Mengine yaliangukia mbele ya viatu vyangu.

"Nisamehe!" alilia, mdomo umejaa damu. "Ulisema utaripoti! Nilikupiga mara moja tu! Moja tu!"

Ko.

Paji la uso likabonyea.

Mjomba akamrukia mkuu kumkinga. "Mjomba, acha!" nilipiga kelele. Nilikuwa nimechelewa. Kitu kilimdaka mkono hewani, kikausokota mpaka bega likachomoka na ngozi ikachanika. Kikamning'iniza hapo, ncha za viatu zikikwaruza lami. Ghafla akaacha kupiga yowe. Akainamisha kichwa upande, kama mtu anayesemeshwa sikioni.

Kisha kikamwachia.

Mkuu alikuwa hasogei tena, lakini mapigo yaliendelea. Niliyahesabu bila kupenda. Kumi na saba.

Polisi walinihoji siku mbili. Nyundo haikupatikana, na nguo zangu hazikuwa na tone la damu. Mwishowe wakaandika kwamba gari limemgonga na kukimbia. Wiki hiyohiyo wahandisi walitoboa nguzo ya tatu. Ndani wakakuta magunia matupu na vipande vya matofali. Nondo hakuna. Daraja likafungwa.

Jana nilimpelekea mjomba chai hospitalini. Nikamuuliza kile kitu kilimwambia nini.

Alitazama mlango kwanza.

"Kiliniuliza swali," akanong'ona. "Siku ile mkaguzi anauawa, mimi nilikuwa chini ya daraja, nachomelea. Niliona yote, mwanangu. Mkuu akaniambia ninyamaze, nikanyamaza. Sasa marehemu anataka kujua kwa nini."

"Ukamjibuje?"

"Nimeomba muda."

"Akasemaje?"

"Amenipa mpaka bega lipone."

Muuguzi akaingia kubadilisha bandeji. Akafungua, akatazama, akatabasamu.

"Baba, una damu nzuri wewe! Kidonda kimefunga chote. Kesho unarudi nyumbani."

Mjomba alinishika kiganja kwa mkono wake mzima. Mpaka saa ya kuona wagonjwa inaisha, alikuwa hajaniachia.