Shibiri Moja Pembeni

Asubuhi hiyo hema zima lilinuka baruti, na hakuna aliyefyatua kitu. Horloo aliiteremsha bunduki ya marehemu baba yake kutoka upande wa wanaume wa hema, akaunusa mtutu. Ulikuwa wa baridi, lakini ulinuka kama umetoka kazini sasa hivi.

"Uza chuma hicho," alisema Zeveg, baba yake mdogo, akipuliza chai yake ya chumvi. "Kina mkosi."

"Nikikiuza, mbwa mwitu nitawafukuza kwa makofi?"

Mwezi ule mbwa mwitu walishakula kondoo kumi na mmoja. Waliobaki wakiisha, Horloo hakuwa na njia ila kwenda mjini kufagia ngazi za watu. Na bunduki yenyewe, iliyomtii baba yake, Gombo, miaka thelathini, kwa Horloo ilikuwa imekosa mara tatu, kwa hatua sitini, mchana kweupe! Gombo alifia mawindoni, korongoni, wakiwa yeye na Zeveg peke yao. Aliteleza, bunduki yake ikafyatuka, ndivyo Zeveg alivyosema.

Mzee Lhagva, fundi wa pikipiki na bunduki, alikuja na kisanduku chake. Alikaza skrubu za kitako, akapitisha kitambaa mtutuni, akakipima kijino cha kulengea kwa uzi, akabadilisha risasi. Kisha akailaza bunduki juu ya magunia mawili ya mchanga, wakasimamisha mfupa wa bega la ng'ombe mbele ya ubao upande wa kaskazini. Akapiga tano.

Zote zilitoboa ubao nyuma ya mfupa, tundu juu ya tundu, shibiri moja kulia.

"Mwanangu," alisema Lhagva polepole, "bunduki ikichoka hutawanya risasi. Hii haitawanyi. Hii inalenga."

"Inalenga nini?"

Lhagva aliigeuza bunduki juu ya magunia. Akahamishia mfupa na ubao kusini, akapiga tena. Shibiri moja kushoto. Wote wawili wakageuka mashariki, na mashariki hapakuwa na kitu ila hema, na ndani ya hema Zeveg akinywa chai.

Basi wakangoja mpaka Zeveg alipotoka, akapanda farasi, akaenda magharibi kutazama farasi wengine, na Lhagva akapiga risasi moja kusini, nayo ikaenda kulia, ikimfuata yule mtu juu ya farasi wake.

Lhagva akafunga kisanduku. "Mimi natengeneza vilivyoharibika," alinong'ona. "Hiki hakijaharibika."

Desturi yao ni moja: bunduki ikikosa, mwanamume mkubwa wa nyumba huipaka siagi mdomoni na kuiombea. Zeveg hakuwa ameigusa tangu mazishi. Aliporudi, Horloo alimpa kibakuli cha siagi mbele ya Lhagva.

"Ipake, baba mdogo."

Zeveg alichota siagi. Kidole kilipokaribia mtutu, ile harufu ikapanda tena, nzito, ya kukaba koo, na ndani ya chuma kitupu, kisicho na risasi wala mkono juu yake, kitu kikalia: ka!

"Aliteleza!" Zeveg alipiga ukelele. "Nimekwambia aliteleza!"

"Nani amekuuliza?"

Kibakuli kikaanguka. Zeveg alimrukia farasi, akamtia mjeledi kuelekea magharibi, na hapo hapo mbwa wakabweka, maana mbwa mwitu alikuwa katikati ya kondoo, kushoto kidogo tu ya njia aliyokimbilia yule mtu, na Horloo akaweka risasi, akamlenga mbwa mwitu katikati ya bega, akijua kabisa risasi ingekwenda upande gani, na akafyatua.

Mbwa mwitu alitoroka. Farasi alirudi peke yake.

"Nilimlenga mbwa mwitu," alimwambia Lhagva.

"Niliona," alisema mzee, bila kumtazama.

Wakuu wa wilaya waliandika kuwa ni ajali ya mawindo, kama walivyoandika kwa Gombo. Harufu ikakatika. Baada ya siku tisa Horloo alimwita Lhagva aipime tena, maana kondoo bado wanahitaji mlinzi. Mzee alilala nyuma ya magunia, Horloo akasimama kushoto kwake. Risasi tano. Lhagva akaenda kutazama ubao, akapima kwa kiganja kutoka mfupani hadi kwenye matundu.

"Horloo," aliita. "Hebu hamia upande wa pili."

Horloo akahamia kulia. Lhagva akarudi, akapiga moja.

Hakwenda kutazama. Horloo alikwenda mwenyewe, akaweka kidole kwenye tundu jipya. Shibiri moja, upande wake.